Amani ya Futari

Sehemu ya kumi na saba

Wiki jana tulimwacha Nyokabi kwenye kibaraza cha nyumba yao, Maweni, hapa Malindi, simu mkononi, kidole kimesimama juu ya kitufe chekundu cha kushambulia. Mmeniandikia wengi mkitaka kujua kama alibonyeza. Mama mmoja wa Mtwapa ameniambia waziwazi kwamba nikimruhusu Nyokabi abonyeze, yeye na gazeti hili basi.

Samahani, mama. Alibonyeza.

Kwa aliyeungana nasi leo, nitasema upesi kisha twende. Nyokabi ana miaka ishirini na minane. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja mpaka wageni wakapungua, naye akapunguzwa pamoja nao. Hamad ni kijana wa Shella, wa ukoo wenye viwanja. Kwa miaka mitatu wawili hawa wamekuwa washirika katika Ngome Saba, ule mchezo wa simu ambao kila mtu ana ngome yake, askari wake na ghala lake, na mwenye nafaka nyingi siku ya mwisho ndiye bingwa.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Mchezo unafungwa saa moja na robo jioni. Bingwa wa Pwani anapewa kazi ya miaka miwili Nairobi, ya kufundisha wachezaji wapya. Nafasi ni moja tu.

Halafu kuna nyumba. Nyumba ya Maweni ni ya mamake Nyokabi, kila jiwe na kila bati, tangu marehemu mumewe alipoijenga miaka thelathini na mmoja iliyopita. Ardhi iliyo chini yake ni ya kina Hamad. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo. Ukoo ukiuza kiwanja, mwenye nyumba anashusha mabati yake na kwenda zake.

Na mwisho, desturi. Wachezaji wa kuanzia Sabaki mpaka Kilifi wana kikundi chao cha simu, wanakiita Baraza la Sabaki. Jumapili asubuhi, Wakristo wakiwa kanisani, hakuna kushambuliana. Mwezi wa Ramadhani, kuanzia adhana ya magharibi mpaka watu washibe, hakuna kushambuliana. Hakuna aliyeandika jambo hilo popote. Waliliita amani ya futari, na mfungaji aliweka simu chini, lango la ngome yake akamwachia mshirika wake wazi, akaenda kula tende zake bila wasiwasi. Miaka mitatu haikuvunjwa hata mara moja.

Jioni ile Hamad alikuwa wa kwanza na Nyokabi wa pili. Walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya futari, kabla ya mchezo kufungwa, Hamad atamhamishia Nyokabi nafaka yake yote, ili Nyokabi amalize wa kwanza na kazi iwe yake. Hamad ana duka la familia, Nairobi hana haja nayo.

Saa moja kamili ikaingia picha kutoka kwa Kiprop. Mnamkumbuka Kiprop, mchezaji wa tatu, yule karani wa ofisi ya mjini asiyetaja ni ofisi gani. Ilikuwa picha ya sehemu ya chini ya karatasi: nambari ya kiwanja cha Maweni, na chini yake sahihi ya Hamad. Kiprop aliandika maneno machache tu.

"Mwenzako ameshaweka sahihi kwenye kiwanja chenu. Na wewe bado unamlindia lango?"

Nyokabi aliitazama ile sahihi. Aliijua vizuri, ile H yenye mkia mrefu. Akakumbuka kila mara Hamad aliposema "usijali, mambo ya Maweni niachie mimi". Akaona amechezewa miaka mitatu, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa moto.

Basi akabonyeza.

* * *

"Wee Nyokabi," mamake alimwita kutoka jikoni. "Hiyo simu itakumaliza macho. Kuja uonje."

"Nakuja, mama."

"Umesema hivyo tangu saa kumi."

Harufu ya iliki ilijaa uani. Mamake alikuwa akikaanga mahamri tangu alasiri, mengi kuliko ya watu wawili, na Nyokabi hakuwa ameuliza ni ya nini. Angeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi.

Kwenye simu askari wake walikuwa wameshafika kwenye ngome ya Hamad. Lango lilikuwa wazi, kama kawaida. Waliingia mbio.

Alingojea vita. Hamad alikuwa na askari mia tisa, na Nyokabi alijua atapoteza nusu ya wake. Lakini hakukuwa na vita. Ua wa ngome ulikuwa mtupu. Askari wake walizunguka kila kona wakakosa mtu wa kupigana naye.

"Wako wapi?" alijisemea.

Akafungua ramani. Askari wote mia tisa wa Hamad walikuwa nje ya ngome ya Nyokabi mwenyewe, upande wa nyuma, wamesimama safu tatu wakitazama ngome ya Kiprop. Aliwatuma pale kabla ya adhana. Hamad alikuwa ameacha kwake bila mlinzi ili amlinde yeye.

Nyokabi akaifunga ramani.

Akaingia ghalani. Nafaka yote ilikuwa imeshapakiwa kwenye mikokoteni. Na juu ya mikokoteni kulikuwa na maandishi madogo ya kijani, yale yanayotokea mtu akipanga safari ya mzigo mapema: "Kwenda ngome ya Nyokabi. Kuondoka saa moja na dakika kumi."

Saa ya simu ilisema saa moja na dakika nne.

Dakika sita. Angekaa dakika sita akionja mahamri ya mamake, angekuwa bingwa kwa heshima na mshirika wake bado yuko. Mimi ninayewasimulia nimekaa na jambo hili wiki nzima na bado linanikera.

Alitafuta kitufe cha kurudisha askari. Kipo, lakini shambulio likishaingia ghalani hakifanyi kazi. Nafaka ilikuwa inahamia kwake yenyewe, na sauti ya mchezo, ile ya sarafu zikimwagika, ilikuwa ikilia kwa furaha.

"Nyokabi, natoka kidogo," mamake alisema nyuma yake.

"Haya."

"Hutaniuliza naenda wapi?"

"Mama, ngoja kidogo, tafadhali."

Mamake alikuwa tayari kutoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kile cha zambarau, na kilemba chake, na mikononi alishika sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nyokabi aliona zambarau kwa pembe ya jicho tu.

"Sawa," mama alisema. "Nikirudi nitakuwa na habari." Akatoka kwa mlango wa uani, polepole, kwa sababu ya goti lake.

* * *

Saa moja na robo skrini ikajaa fataki. Nyokabi wa Malindi, bingwa wa Pwani. Ujumbe wa waandaaji ukaingia papo hapo: hongera, uwe tayari kusafiri Jumatatu ya wiki ijayo.

Katika Baraza la Sabaki hakuna aliyesema hongera. Wafungaji walikuwa wakirudi kwenye simu zao mmoja mmoja, wamekula, wameridhika, wanaona kilichotokea.

"Kweli?" aliandika Ochola wa Watamu. Neno hilo moja tu.

"Wakati wa futari?" aliuliza Jefwa wa Jilore, ambaye si Mwislamu na hafungi. "Dada, hata mimi ninayekula mchana siwezi."

Nyokabi aliandika jibu, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma hili: "Someni kanuni za mchezo. Sijavunja kanuni yoyote."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyembishia. Walianza kutoka tu. Ochola akatoka kikundini. Jefwa akatoka. Ndani ya dakika mbili Baraza la Sabaki lililokuwa na watu arobaini na moja lilibaki na watu sita, na wanne kati yao labda walikuwa bado wanakula.

Hamad hakutoka.

Nyokabi akampigia Kiprop. Simu iliita, haikupokewa. Akapiga tena. Safari hii ilikatwa.

* * *

Bodaboda ikasimama mbele ya kibaraza. Aliyeshuka alikuwa Saleha, dadake Hamad, amevaa buibui, viatu vya ndani bado miguuni. Mnamjua Saleha. Ni yule aliyemfundisha Nyokabi kufunga lesso vizuri. Leo hakusalimu.

"Umebonyeza wewe?" aliuliza. "Niambie kwa mdomo wako. Labda mtu ameiba simu yako."

"Saleha, kaa kwanza."

"Sikai. Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

Saleha akafumba macho. Alipoyafungua yalikuwa na machozi.

"Kwa nini usingoje? Watu wamefunga tangu alfajiri, Nyokabi. Hata tonge la tatu halijaingia."

Hapo Nyokabi akapata nguvu kidogo, maana alikuwa na kitu cha kujitetea. Akaifungua ile picha, akamwonyesha. "Mimi ndiye nimeanza? Tazama. Kakako ameweka sahihi kiwanja chetu kiuzwe. Alitaka kunilaza usingizi mpaka tingatinga lije."

Saleha alichukua simu, akaisogeza karibu na taa. Akatazama kwa muda mrefu kuliko picha ilivyostahili.

"Hii imekatwa," alisema. "Nani amekupa?"

"Imekatwa vipi?"

"Hii ni karatasi ya mirathi. Mimi nimeiona yote, ilikuwa mezani kwetu tangu juzi, na jioni hii Hamad ameileta futarini. Juu yake pameandikwa kwamba Hamad aacha fungu lake la duka, lote, apewe kiwanja cha Maweni badala yake. Kiwe chake yeye. Ili kisiuzwe."

Nyokabi akakaa chini kwenye kibaraza.

"Ami Swafwan ndiye msimamizi wa mirathi ya baba," Saleha aliendelea, na sasa alikuwa akisema haraka. "Yeye alishapata mnunuzi. Jioni hii amewaalika mnunuzi na watu wake futari kwetu, waafikiane. Hamad akamwambia ami, nipe mimi fungu hili, wale watu nawajua, niwaache wakae. Ami akacheka. Akasema, wapangaji hawana ahadi, siku watakayoona faida watakugeuka, na wewe utakuwa umeacha duka kwa ajili yao."

"Hamad akasema nini?"

"Nalikuwa nyuma ya pazia nikipakua uji, nimesikia kwa masikio yangu. Akatoa simu, akaiweka mkekani mbele ya ami, karibu na sahani ya tende. Akasema, ami, leo ni mwisho wa mashindano. Lango langu li wazi, askari sina hata mmoja, na Nyokabi yuwajua. Akinishambulia atapata kazi Nairobi. Hakuna sheria ya kumzuia ila ahadi. Tutazame mpaka saa moja na robo. Akinigeuka, uzeni, nami sitasema neno."

Upepo uligonga bati lililolegea juu ya paa. Nyokabi aliiona saa moja na dakika nne kama ilivyokuwa kwenye simu yake, na akaiona kwenye simu ya Hamad pia, pale mkekani, wazee wote wakiinama kutazama.

"Ikalia," Saleha alisema. "Ule mlio wa vita. Ami hata hakumcheka tena. Alimsukumia tu sahani akamwambia kula, mwanangu, umefunga kutwa."

"Nani mwingine alikuwa kwenye mkeka?"

"Ami, wazee wenzake wa ukoo, Hamad, huyo mnunuzi, na karani wake mmoja mrefu, amekaa nyuma. Yeye hakula sana. Simu yake iliwekwa pajani, wakati wote ni kubonyeza."

"Anaitwa nani?"

"Wamwita Kiprop."

Mimi nilijua tangu sehemu ya tisa, wasomaji wangu, nikanyamaza. Mnisamehe. Kiprop hakuwa akiutaka ubingwa wa Pwani hata kidogo; alitaka tajiri wake akipate kiwanja. Alimsikia Hamad akiweka ahadi yake mkekani, na kabla ya uji kupoa alikuwa ameshatuma ile picha Maweni.

"Twende," Saleha alisema, akimvuta mkono. "Hawajasoma Fatiha bado. Ikishasomwa, basi, hakuna wa kuwarudisha nyuma. Uje useme umedanganywa. Mwonyeshe ami hiyo picha."

* * *

Walipakiana watatu kwenye ile pikipiki, Saleha nyuma kabisa, buibui likipeperuka. Nyokabi alipanga maneno njia nzima. Nilidanganywa. Nilionyeshwa karatasi iliyokatwa. Kosa ni langu, si la mamangu. Alipofika Shella alikuwa ameyapanga vizuri, na nadhani yangefaa kama yangesikika.

Mbele ya nyumba ya kina Hamad viatu vilikuwa vimejaa kizingitini. Nyokabi alivua vyake, akapita ukumbini. Sauti zilikuwa zikitoka chumba cha wageni. Hazikuwa sauti za watu wanaozungumza. Zilikuwa za wanaume wakisoma pamoja, taratibu, kwa sauti ya chini.

Saleha alisimama ghafla mbele yake.

"Saleha, ingia uwaambie," Nyokabi alinong'ona. "Waambie wangoje."

"Fatiha haikatizwi."

"Ni dakika moja tu."

"Nyokabi. Haikatizwi."

Wakasimama pale ukumbini wakisikiliza. Nyokabi si Mwislamu, lakini amezaliwa Malindi, amesikia posa ngapi na suluhu ngapi zikifungwa kwa maneno yale, na alijua yako karibu kwisha. Akasikia amin. Pazia lilikuwa limeachana kidogo, akaona viganja vikipita juu ya nyuso. Akaona vya Hamad pia.

Wanaume wakaanza kupeana mikono. Hamad akatoka wa kwanza. Alipomwona hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyemaliza kazi ngumu na sasa anataka kulala.

"Hamad, nimedanganywa," Nyokabi alisema. "Tazama hii, imekatwa. Kiprop ndiye aliyenitumia. Warudishe ndani, waambie."

Hamad aliitazama picha. Alitikisa kichwa polepole.

"Ami amesema wangoje mpaka kesho," alisema. "Alinionea huruma. Ni mimi niliyemwambia wasome."

"Wewe?"

"Nalisema ukinigeuka wauze, nami sitasema neno. Sikusema ukinigeuka bila kudanganywa. Nimesema mbele ya wazee, mkekani, na saumu kinywani. Niseme leo kwamba ahadi yangu ilikuwa na mlango wa nyuma?"

"Ni nyumba ya mamangu, Hamad."

"Najua ni ya nani." Akaisukuma simu pembeni. "Mimi pia nimelia, Nyokabi. Nimelia kwenye sijda, watu wakadhani ni ibada. Ungeniuliza. Ungenipigia simu ukanitukana, ningetoka mkekani nikakujibu."

"Hupokei simu wakati wa futari. Hujawahi."

"Basi ungengoja."

Nyokabi akaizima ile picha.

Kiprop akatoka na mnunuzi wake. Mnunuzi, mtu mnene mwenye haraka, aliaga akaenda kwenye gari. Kiprop alikaa kwenye baraza ya nje kufunga kamba za viatu, taratibu, kama mtu aliye kwake. Nyokabi akamfuata na kumsimamia.

"Ulikata ile karatasi."

"Nilikutumia kipande cha karatasi ya kweli," Kiprop alisema bila kuinua kichwa. "Sahihi ni yake au si yake? Nambari ni ya kwenu au si ya kwenu?"

"Ulijua nitafikiria nini."

"Mchezo wote si ni huo, kujua mwenzako atafikiria nini? Hamad alidhani anakujua. Mimi nilikujua zaidi." Akamaliza kiatu cha kushoto, akaanza cha kulia. "Na si umeshinda? Umepata kazi. Watu wengi wangeniletea soda."

"Umetubomolea nyumba."

"Niambie kanuni gani nimevunja. Nilisoma ulichoandika kwenye Baraza, nikasema huyu dada ameelewa. Someni kanuni, uliandika." Akasimama, akajipangusa suruali. "Baada ya wiki mbili, mwanzo wa Aprili, mama awe ameshusha mabati. Nitajaribu kuwaombea wiki tatu. Hiyo nitaifanya kwa sababu yako, bingwa."

Akaenda zake. Nyokabi alitaka kumrushia kitu, kiatu, jiwe, chochote. Alichokuwa nacho mkononi ni simu, na ndani ya simu ujumbe mpya wa waandaaji ulikuwa ukimwomba picha yake, akitabasamu.

Adhana ya isha ikaanza. Mzee Swafwan na Hamad wakatoka mpaka mlangoni, wakitafuta viatu vyao. Mzee alimpita Nyokabi akamwangalia mara moja tu. Hakumkemea. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani, na hilo lilimuumiza Nyokabi kuliko matusi. Kila mpangaji wa Maweni atakayekwenda kuomba muda kwa mzee yule sasa atajibiwa kwa jina lake.

"Nisamehe," alimwambia Hamad. "Kazi sitaichukua. Nitawaandikia usiku huu."

"Ichukue," Hamad alisema. "Mamako atahitaji mahali pa kukaa."

Na hapo ndipo sauti iliposikika kutoka kwenye kijia, sauti aliyoijua tangu tumboni.

"Hodi hodi, wenye mji."

Nyokabi akageuka. Katika taa ya nje alikuwa anakuja mamake, kwa goti lake bovu, kitenge cha zambarau, kilemba kimekaa vizuri, sinia kichwani likiwa na kitambaa cheupe. Alikuwa ametembea kutoka Maweni mpaka Shella kwa miguu, akipita vijia vya ndani, kwa sababu bodaboda ingemwaga mahamri.

"Kumbe na wewe umekuja," alimwambia bintiye, amefurahi. "Na nilitaka nikushangaze. Hamad alipita asubuhi akaniambia nije baada ya futari, nishukuru wazee mimi mwenyewe. Akasema leo wanatupatia mahali petu. Nimekaanga ya watu ishirini, sijui kama yatatosha."

Mzee Swafwan alitazama chini, akajifanya kutafuta kiatu alichokuwa ameshakivaa.

Hamad akashuka kizingiti. "Shikamoo, mama," alisema, akainua mikono yote miwili, akalipokea sinia kutoka kichwani mwake kwa uangalifu, lisiinamie upande.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke." Akajifuta jasho kwa pindo la kitenge. "Haya, niambieni. Wazee wamesemaje?"

Hamad alisimama na lile sinia mikononi, bado lina joto. Alimtazama mama, kisha akamtazama Nyokabi. Alipojibu alijibu kwa upole, kama alivyozoea kusema miaka yote mitatu.

"Muulize mshirika wangu, mama. Yeye ndiye ajuaye."

Na mama akageuka kwa Nyokabi, akingoja, uso wake wote ukicheka.